Saa Nane za Candiru

Usiku aliozaliwa Candiru, majirani wa kijijini Manibe hawakukisikia kilio chake, maana wote walikuwa uani wakigonga masufuria. Ilikuwa Ijumaa, tarehe sita Agosti mwaka 1971. Mwezi mpevu uliokuwa juu ya mihogo ulianza kuliwa upande mmoja, polepole, mpaka wote ukageuka rangi ya kutu. Mama yake, aliyekuwa ndani na mkunga, alikata roho kabla mwezi haujarudi mweupe. Shangazi aliyempokea mtoto akampa jina hilo, jina la Kilugbara la mtoto aliyekuja na taabu, na mtoto alipofikisha miaka saba akamweleza habari yote ya usiku ule, kisha akamwonya: "Hii usiambie mutu. Watu wataikumbuka siku wanataka kukumbuka."

Candiru alitii. Alivuka mpaka wa Sudan akiwa na miaka tisa, vita vilipoufagia mkoa wao wa West Nile, akakulia huko kwenye kambi, akajua Kiarabu cha Juba kama alivyojua kuchota maji. Wakimbizi waliporudi nyumbani alikuwa msichana mrefu, mkimya, mwenye kucheka kwa nadra. Akaolewa na Soka, Mkakwa wa Ludara, fundi wa kufyatua matofali. Yeye hakujua Kikakwa, Soka hakujua Kilugbara, kwa hiyo waliishi kwa Kiswahili cha sokoni, na walipendana kwacho vizuri tu. Usiku mmoja wa mvua, wakiwa wamelala, akamwambia mumewe siri ya mwezi. Soka akacheka, akamvuta karibu, akasema, "Basi mimi nimeoa mwezi." Siku chache baadaye, wakinywa pombe, alimsimulia kaka yake Yengi maneno yale kama mzaha.

Soka alikufa kwa homa mwezi wa sita mwaka 1989. Alimwacha Candiru na mimba ya miezi mitatu na shamba moja zuri kando ya kijito, lenye udongo mweusi usiokauka hata kiangazi.

Matanga yalipokwisha, Yengi alikuja jioni, akakaa kwenye kiti cha marehemu bila kukaribishwa.

"Shemeji," alisema, "desturi iko wazi. Nitakuchukua, na shamba itabaki kwa ukoo."

"Mzee, mimi nilikuwa na bwana moja," Candiru alijibu. "Na shamba hii Soka alilimia mutoto yake. Iko hapa tumboni. Acha azaliwe."

Yengi aliondoka bila kuaga.

Tarehe kumi na saba Agosti, alfajiri, watu wa Ludara waliokuwa wanaamka kwenda mashambani waliukuta mwezi, upande wa magharibi, umegeuka mwekundu. Kulikuwa hakujapambazuka bado. Waliitana nyumba hadi nyumba, na Yengi akatoka na jembe mkononi, akapita katikati yao mpaka mlangoni kwa mjane.

"Ulizeni huyu alizaliwa siku gani!" alipaza sauti. "Mwezi kama hii ilimuua mama yake. Ndugu yangu alinieleza kwa mdomo yake. Amekula mama, amekula bwana, sasa mwezi yake imerudi kutafuta mwingine. Haitakuwa nyeupe mpaka mutu hii atoke Ludara!"

Candiru alisimama kizingitini na shuka begani. Alichokisikia kwanza hakikuwa tishio. Alisikia maneno yake mwenyewe, aliyoyanong'ona kitandani, yakitoka katika kinywa cha mtu mwingine. Akawatazama wanawake aliokuwa anapalilia nao. Wote walitazama chini. Kisha donge la udongo likampiga tumboni, na la pili, na jiwe.

Mwezi haukusafika mbele ya macho ya mtu yeyote asubuhi ile. Ulizama nyuma ya vilima vya Zaire ukiwa bado mwekundu, jua likachomoza upande wa pili, na Candiru akiwa tayari barabarani. Usiku uliofuata mwezi ulichomoza mweupe, wa kawaida kabisa. Watu wakaambiana kwamba Yengi alisema kweli. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kuulizwa mambo.

Njia ya kwenda Arua ni ndefu kwa mguu. Karibu na Maracha maumivu yalimshika, akajilaza kwenye mtaro wa barabara, na mwanamke mmoja ambaye hakumjua, wala hakumwona tena, akamshika mikono mpaka yalipokwisha. Mtoto alikuwa wa kiume. Walimzika pembeni ya shamba la tumbaku, wakamwekea jiwe. Candiru hakulia. Alimwambia yule mwanamke neno moja tu: "Nitarudi." Mwanamke alidhani anasema kuhusu kaburi.

*

Arua alipata kazi ya jikoni katika shule moja ya sekondari, kusonga posho, yaani ugali, kwa wavulana mia nne. Huko ndiko alikomkuta Mwalimu Ocama, aliyefundisha jiografia, mwanamume mwembamba mwenye miwani iliyofungwa waya. Siku moja, mwaka wa tatu wa kukaa kwake, akamsikia dirishani akiwafundisha wanafunzi habari ya kupatwa kwa mwezi. Alisimama na mwiko mkononi mpaka posho ikaungua.

Baada ya masomo alimfuata.

"Mwalimu, mwezi inageuka nyekundu kwa sababu ya nani?"

"Si kwa sababu ya mtu, mama. Dunia inaingia katikati ya jua na mwezi, kivuli chetu kinauangukia. Ule wekundu ni mwanga wa jua uliopita pembeni ya dunia."

"Basi kwa nini haitokei kila mwezi mpevu?"

Ocama alimtazama upya. Lilikuwa swali ambalo wavulana wake hawakuuliza. Akamkalisha, akachora vumbini. Njia ya mwezi imelala mshazari kidogo, alisema, na mara nyingi mwezi hupita juu au chini ya kivuli. Lazima uwe mpevu, na wakati huohuo uwe pale njia yake inapoikata njia ya jua. "Fikiria waendesha baiskeli wanaozunguka uwanja mmoja kwa mwendo tofauti. Wanaanza pamoja, wanaachana. Ukingoja vya kutosha wanakutana tena palepale walipoanzia. Kwa mwezi, kungoja huko ni miezi mipevu mia mbili ishirini na tatu. Ndiyo miaka kumi na minane na siku kumi na moja, au kumi pale miaka mirefu inapozidi. Na saa nane. Kupatwa kulekule, kama ndugu wa tumbo moja, kunarudi."

Candiru alimtajia tarehe mbili. Mwalimu akafungua kitabu chake cha majedwali, akafuata mistari kwa kidole.

"Ni ule ule," alisema hatimaye. "Wa 1971 na wa 1989 ni ukoo mmoja. Umejuaje?"

Hapo ndipo alipolia. Yengi, bila kujua, alikuwa amegusa kweli moja: mwezi uliomzaa ndio uliorudi. Lakini ulirudi kwa hesabu. Ungerudi asubuhi ile hata kama yeye asingezaliwa, hata kama Soka angekuwa hai, hata kama Ludara ingekuwa pori tupu. Mtoto wake alikuwa amekufa kwa jambo lililoandikwa kitabuni, ambalo mtu yeyote mwenye miwani angeweza kulisoma.

Akaandika kwenye karatasi, kwa herufi za mtu aliyesoma kidogo: *miaka 18, siku 11, saa nane.* Akahesabu. Agosti 2007. Akaikunja karatasi, akaitia kwenye kifuko shingoni, akaanza kungoja.

Hakungoja kwa huzuni. Aliacha jiko akanunua cherehani, akawa fundi wa sare za shule kwenye baraza ya soko kubwa. Wanaume wawili walimposa, akawakataa bila kueleza. Usiku kabla ya kulala alipanga maneno atakayomwambia Yengi, akiyafupisha mwaka hadi mwaka.

Ilipofika Agosti 2007 alipanda gari mpaka Koboko, akaenda Ludara. Usiku wa kuamkia tarehe ishirini na nane, ilipogonga saa nane, alisimama nje ya ua wa Yengi akaita kwa sauti iliyoamsha mbwa wa kijiji kizima.

"Yengi! Toka nje! Toka uone mwezi inageuka! Wewe ulisema ni yangu, njoo uone kama nimeiita mimi!"

Watu walitoka na blanketi. Yengi akatoka, mnene sasa, na fimbo ya heshima. Wote wakatazama juu. Mwezi ulikuwa umekaa katikati ya mbingu, mpevu, mweupe kama unga wa muhogo. Wakangoja. Ikawa saa tisa. Mwezi haukubadilika hata kwa upana wa ukucha.

"Mwezi yako iko wapi?" Yengi akauliza taratibu.

Mtu mmoja akacheka, kisha wote. Walimcheka mpaka barabara kuu, na asubuhi, akingoja gari pale Koboko, alikuwa bado anawasikia. "Iko wapi" likawa jina lake Ludara.

Mwalimu Ocama, aliyekuwa amestaafu na anafuga nyuki, alimsikiliza mpaka mwisho huku akitikisa kichwa kwa uchungu.

"Kosa ni langu. Saa nane niliyokwambia si saa nane ya ukutani, Candiru. Ni urefu. Saa nane za kuhesabu, moja, mbili, tatu. Kila ukoo huu ukirudi, unachelewa theluthi ya siku, na dunia inakuwa imegeuka theluthi. Mwezi ulipatwa kweli mwaka huu, mchana uleule, saa saba na nusu, wewe ukiwa njiani. Mwezi ulikuwa chini ya miguu yetu. Watu wa upande wa pili wa dunia ndio walioutazama."

Candiru alinyoosha mkono. Kisha akahesabu kwa vidole. "Nane, na nane, na nane."

"Ishirini na nne," alisema Ocama, akaanza kutabasamu. "Siku nzima. Mara ya tatu inarudi upande wetu, usiku mchanga, kama ulipozaliwa." Akachukua kitabu. "Tarehe saba Septemba, 2025. Jumapili. Unaingia kivulini wote saa mbili na nusu usiku, unaanza kutoka saa nne kasoro dakika saba. Utakuwa na miaka hamsini na minne. Utaweza kungoja?"

"Nimezoea," alisema Candiru.

*

Ocama alikufa miaka minane baadaye, akamwachia kile kitabu. Candiru alirudi Ludara mwaka 2024, siku ya gulio, na mzigo wa sare za shule kwenye bodaboda. Vijana hawakumjua. Wazee walimjua wakajifanya hawamjui. Akawa anakuja kila gulio, anashona vizuri, hapandishi bei, na polepole wanawake wakaanza kukaa kwenye mkeka wake.

Miongoni mwao alikuwa Keji, mjane kijana aliyekimbia kutoka Sudan Kusini. Walikuwa wakiongea Kiarabu cha Juba, na Keji akamwita mama tangu siku ya kwanza. Alikuwa amekodi shamba la kando ya kijito. Candiru alipoambiwa ni lipi, alishona mkono wa shati upande usio wake akalazimika kuufumua.

"Mzee Yengi amepata mnunuzi," Keji alimwambia mwezi wa saba wa mwaka uliofuata. "Anataka nitoke kabla ya kuvuna. Nimekataa, mama. Nimepanda karanga. Watoto watakula nini?"

Candiru alirudi kwenye cherehani. Mpango wake ulikuwa umeiva na haukuwa na nafasi ya mtu mwingine. Siku ile mwezi ukigeuka, angesimama mbele ya watu wote amwonyeshe Yengi kidole na kusema maneno yaleyale aliyoambiwa yeye, neno kwa neno: huyu amekula ndugu yake, mwezi hautakuwa mweupe mpaka atoke. Agosti ile surua ilikuwa imeua watoto wawili kijijini, watu walikuwa na hofu. Wangeamini. Wangeokota mawe. Alitaka kumwona mzee yule barabarani na shuka begani.

Jumapili ile ilinyesha mchana, jioni mawingu yakawa yanapitapita. Yengi alikuwa sasa kiongozi wa kikundi cha maombi chenye banda la mabati, na tangu asubuhi alikuwa ametangaza mkesha. Watu walijaa uwanjani, zaidi ya mia mbili. Saa moja na nusu kivuli kilikuwa kimeshaanza kuuma ukingo wa mwezi. Mke wa Yengi, Susana, alikuwa ameketi nyuma yake kwenye benchi, mikono mapajani.

"Redio imesema mwezi itashikwa leo," Yengi alianza. Sauti yake ilikuwa bado na nguvu. "Redio hawasemi kwa sababu ya nani. Mimi nitasema, kama nilisema mwaka 1989, na wazee mnajua. Siku ile tulitoa uchafu, na mwezi ikawa nyeupe. Leo uchafu imerudi."

Saa mbili na nusu wekundu ukauvaa mwezi wote. Watoto wakaanza kulia. Candiru alikuwa akisogea mbele, kidole kimeshaanza kunyooka kando ya gauni, Yengi alipoinua fimbo na kuielekeza kwa Keji.

"Huyu! Alikuja kutoka kule na vifo. Tangu aingie, watoto wawili wamekufa. Haitakuwa nyeupe mpaka mutu hii atoke Ludara!"

Keji alisimama na mtoto wake mgongoni. Wanawake waliokuwa karibu naye wakasogea kando, kila mmoja hatua moja. Kijana fulani aliinama kuokota kitu.

Candiru aliyaona yote yale kama mtu anayetazama ndani ya nyumba yake mwenyewe. Maneno aliyokuja nayo yalikuwa tayari ulimini, na alijua yangefanya kazi. Angemwonyesha Yengi na nusu ya umati ingegeuka. Lakini akaona pia kitakachofuata: Yengi angepigwa, angefukuzwa, na kesho angekuwa mzee aliyeonewa. Watu wangemlilia. Na mwezi ungekuwa umemtii tena mtu wa Ludara. Hapana. Hilo lilikuwa dogo mno kwa miaka thelathini na sita. Alitaka abaki. Alitaka kila mtu ajue alichokuwa, na yeye aishi humo.

"Leteni kiti," alisema.

Hakuna aliyeleta. Akaenda mwenyewe, akavuta viti viwili vya plastiki kutoka chini ya banda, akaviweka katikati ya uwanja. Akamkalisha Keji kimoja, akakaa kwenye kingine.

"Mimi ni Candiru," alisema. "Mjane ya Soka. Nyinyi mnaniita Iko Wapi. Mwaka 2007 nilikosa hesabu. Leo sikukosa. Toeni simu zenu, tazameni saa."

Simu kadhaa ziliwaka gizani.

"Mzee anasema mwezi haitakuwa nyeupe mpaka huyu atoke. Mimi nasema itaanza kuwa nyeupe saa nne kasoro dakika saba, na huyu atakuwa amekaa hapa hapa. Hatakwenda hata choo. Kama saa hiyo ikipita na mwezi iko nyekundu yote, tutatoka sisi wawili, na mutatupiga njia yote mpaka Koboko. Mimi najua hiyo njia."

"Mchawi anaongea!" Yengi alipaza sauti. "Msimsikie!"

Donge la udongo likampiga Candiru begani. Hakuligeukia. "Ni saa ngapi?" aliuliza.

"Tatu kasoro dakika kumi," mtu akajibu kutoka gizani, kwa sauti ya kijana, na kwa jibu hilo jambo likawa limekubalika. Watu walitaka kuona.

Kungoja kulikuwa kurefu. Yengi aliongoza maombi, kwanza kwa nguvu, kisha kwa kelele, lakini kila baada ya muda mtu alitazama simu, na sauti za kuitikia zikapungua. Keji alimhamisha mtoto kutoka mgongoni, akampakata.

"Mama, una hakika?" alinong'ona kwa Kiarabu.

"Kaa."

"Kama mwalimu wako alikosea?"

"Alishakosea mara moja. Kaa."

Saa nne kasoro robo wingu zito likaja kutoka upande wa Kongo, likaufunika mwezi. Umati ukaguna. Yengi akacheka kutoka kifuani. "Hata Mungu amefunga dirisha! Saa yenu itapita, na mtaona!"

Kasoro dakika saba ikafika. Hakukuwa na kitu juu ila weusi. Kasoro tano. Yule kijana aliyeokota jiwe akalihamisha mkono wa pili. Candiru alishika viti vyote viwili, chake na cha Keji, kama vile vingeinuka vyenyewe. Kasoro mbili. Kwa mara ya kwanza usiku ule aliogopa. Alijua hesabu iko sawa, lakini watu wangeweza kuchoka kabla ya wingu.

Saa nne kamili wingu lilichanika. Mwezi ulikuwa pale, mwekundu bado, lakini kwenye ukingo wake wa chini kulikuwa na kipande cheupe, chembamba, kinachong'aa mpaka kinaumiza macho. Kikakua wakikitazama.

 Keji alikuwa amekaa. Watu walimtazama yeye, wakautazama mwezi, wakamtazama Yengi.

"Mzee," aliuliza mwanamke mmoja mzee, bila ukali wowote, kama anayeuliza njia, "mbona hajatoka?"

Na mtu akacheka. Candiru alikitambua kicheko kile, alikuwa amekibeba miaka kumi na minane. Kilianzia nyuma kwa vijana, kikapita kwa akina mama, kikafika mbele. Yengi aliinua fimbo.

"Iko wapi, Mzee?" akapaza sauti kijana mmoja. "Uchafu iko wapi?"

Candiru akasimama. Sasa alisema yote, na hakuyafupisha: shemeji aliyekaa kwenye kiti cha marehemu, shamba, jiwe la alfajiri, mtaro wa Maracha. Aliwataja kwa majina wanawake watatu waliokuwa bado hai, waliotazama chini siku ile. Watu waliacha kucheka.

"Ni uongo!" Yengi alisema. "Nilifanya kwa ajili ya kijiji!"

Ndipo Susana alipozungumza kutoka kwenye benchi. Wengi hawakuwahi kuisikia sauti yake hadharani.

"Ulikuja nyumbani asubuhi ile ukaosha miguu," alimwambia mumewe. "Ukaniambia, sasa shamba ni yetu, lima. Nililima. Kila mwaka nililima na nilijua." Akainuka, akajifunga kitenge, akatembea peke yake kuelekea nyumbani. Umati ukampisha.

Baada ya hapo waliondoka mmoja mmoja. Ilipofika saa tano kasoro dakika chache, mwezi ukiwa umerudi wote, Yengi alikuwa peke yake chini ya banda, na fimbo magotini. Candiru alikaa kwenye kiti chake cha plastiki akimtazama.  Alikunywa chai aliyoletewa, kikombe kizima, bila haraka. Baadaye alimwambia Keji kwamba hajawahi kunywa chai tamu kama ile.

*

Wazee wa ukoo walimrudishia shamba mwezi huohuo, kwa karatasi yenye mihuri. Candiru akamwachia Keji alime, avune karanga zake. Kikundi cha maombi kikapata kiongozi mwingine, na mnunuzi wa shamba akapotea.

Yengi akaugua. Presha, walisema. Mwezi wa kumi na moja alimtuma mtu Arua: anaomba Candiru aje, anataka kusamehewa kabla ya kufa. Majirani wa barazani wakamshauri aende akamalize jambo, apumzike moyo.

Alikwenda. Yengi alikuwa kitandani, amekonda, na Susana akiwa uani hakuingia.

"Dada," alisema mzee, "nisamehe. Kila mtu akinipita anacheka. Hata wajukuu yangu."

Candiru alivuta kiti. "Mtoto yangu angezaliwa kwa wakati yake, angekuwa na miaka thelathini na sita mwezi ujao. Unajua nilimwita nani?"

Yengi alitikisa kichwa.

"Nilimpa jina siku ile kwenye mtaro. Sijawahi kuambia mutu. Nawe sitakuambia." Akafungua mkoba, akatoa pakiti mbili za dawa ya presha alizonunua katika duka la dawa mjini, akaziweka kwenye stuli karibu na kichwa chake, na kikombe cha maji. "Moja asubuhi, moja jioni. Daktari amesema ukinywa vizuri utaishi miaka mingi."

Mzee alizitazama dawa, kisha akamtazama yeye, na taratibu, kadiri alivyokuwa anaelewa ni miaka mingi ya kuchekwa, uso wake ukabadilika.

"Nitaleta zingine kila gulio," Candiru alisema, akasimama. "Nitapita hapa mlangoni."

Nje Susana alikuwa anatwanga. Waliamkiana kwa adabu, Candiru akamtajia kipimo cha dawa na saa za kunywa, kisha akaenda kutafuta bodaboda ya kumrudisha Koboko, maana sare za muhula mpya zilikuwa zinamngoja.